Wasomaji Wauliza: Bando la Safari

Assalaam alaykum. Likizo ya skuli inshaallah tunakwenda Dubai na Abu Dhabi, mimi, mume wangu na watoto watatu. Wameshika Ferrari World na SeaWorld, hawataki kusikia jengine. Nikitumia laini yangu ya hapa itanila pesa? Au ninunue ya kule? Na hiyo eSIM ni kitu gani?
Mama wa watatu, Kiembesamaki

Wa alaykumu salaam, dada. Kwa safari yenu tungechukua eSIM mbili, moja ya simu yako na moja ya baba watoto. Mbili kwa sababu kwenye viwanja vile vya michezo familia hugawika: mkubwa anataka treni za kasi, mdogo hafikii kimo, na mmoja wenu atabaki nje naye. Watoto wasinunuliwe chochote.

Laini ya hapa ukiipeleka kule inakuwa kwenye romingi, yaani inaazima mtandao wa kampuni ya kule. Bila kifurushi maalumu cha nje unakatwa kwa MB, na GB moja ina MB 1,024. Tuseme unakatwa shilingi 100 tu kwa kila MB: GB moja imeshakutoa shilingi 102,400. Kama mtandao wako una kifurushi cha nje, uliza kabla hujaondoka ni cha nchi zipi na cha siku ngapi. Na msije mkachanganya majina: Yas Island, kisiwa chenye viwanja hivyo viwili, hakina udugu na Yas ya kwetu iliyokuwa Tigo na Zantel. Utaona “Yas” kila pahala Abu Dhabi, lakini bando la nyumbani halisomi.

Laini ya kule, ya kampuni ya du au ya Etisalat (siku hizi e&), inauzwa uwanja wa ndege na husajiliwa kwa pasipoti. Ni nzuri kwa anayekaa wiki mbili tatu. Kasoro yake, simu ikiwa na tundu moja tu itabidi utoe laini yako, na meseji za namba za siri za benki hazitakufikia wakati unalipa.

eSIM ni laini isiyo na chipu, inaingizwa ndani ya simu kwa kupiga picha msimbo wa QR. Piga *#06#. Ikitokea EID, namba ndefu yenye tarakimu 32, simu yako inaikubali. Iingizeni mkiwa bado nyumbani kwenye waifai, na msimbo uwe umechapishwa au uko kwenye simu nyengine, maana kamera haiwezi kupiga picha kioo chake yenyewe. Soma siku zinaanza kuhesabiwa lini: nyengine huanza pale unapoiingiza, nyengine hadi iguse mtandao wa kule.

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hivyo twende pole pole. Kwenye laini ya nyumbani, zima “Data Roaming” lakini usiizime laini yenyewe. Itabaki inapokea meseji za benki. Usipokee simu juu yake, kwani kwenye romingi kupokea nako hulipiwa. Kwenye eSIM, “Data Roaming” lazima iwe WASHA. Watu hushangaa hapo, lakini eSIM ya safari mara nyingi imetolewa na kampuni ya nchi nyengine, nayo pia ni mgeni kule. Mtu huzima romingi zote kwa woga, akaona mnara umejaa na intaneti haifunguki, akadhani eSIM mbovu, akaifuta. Na QR nyingi hutumika mara moja tu. Pesa imekwenda.

Kuna swichi ya tatu, iliyojificha. Kwenye iPhone, ndani ya mpangilio wa data ya simu, kuna “Allow Cellular Data Switching”. Ikiwa wazi, eSIM ikilegea simu huweza kurukia laini ya nyumbani bila kukuuliza. Zima. Baadhi ya Android nazo zina kitu kama hicho.

GB ngapi? Kwa ramani, meseji, picha chache na programu ya kiwanja inayoonyesha foleni, MB 300 kwa siku zinatosha. Kinachomaliza bando ni video, khasa zile zinazopandishwa zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. iPhone ikirekodi kwa ubora wa 1080p, fremu 30 kwa sekunde, dakika moja ni kama MB 60. Ikiwekwa ubora wa juu zaidi, 4K fremu 60, dakika hiyo hiyo ni MB 400. Mtoto akirekodi dakika kumi za papa na pomboo, ni GB 4 zinazosubiri kupanda. Zima hifadhi ya picha kutumia data, ipande usiku kwenye waifai ya hoteli.

Hotspoti nayo ina mtego wake. Tableti ya mtoto ikiunganishwa kwenye simu yako mara nyingi haijui kuwa inakula bando. Yenyewe inaona waifai, basi inashusha masasisho na kupandisha picha kama iko nyumbani. Kwenye iPhone na iPad washa “Low Data Mode” ya waifai hiyo. Kwenye Android iweke kuwa mtandao wenye kikomo. Na uliza kwanza kama bando lako linaruhusu hotspoti. Zile za “bila kikomo” nazo mara nyingi zina kiwango cha siku, ukikivuka kasi inashushwa hadi picha moja inakuwa kazi.

Kwenye viwanja vyetu vya Kariakoo au Tibirinzi hatuhitaji intaneti kupanda bembea, lakini kule tikiti iko kwenye simu. Ipigie skrinishoti. Mchana watu maelfu wanagombania mnara mmoja, na kusimama mlangoni ukisubiri barua pepe ifunguke ni adhabu. Chukua pawabenki ya mAh 10,000 kwenye begi la mkononi wala si la chini. Na kabla hamjaachana, wekeni pahala pa kukutania: Formula Rossa, treni ya kasi ya Ferrari World, inakwenda kilomita 240 kwa saa, simu haipandi, inabaki kwenye kabati.

Kijana wangu yuko Dubai. Meseji za WhatsApp zafika, lakini akipiga hatusikilizani, inakatika. Kila siku aniambia bando.
Mzee wa Wete

Mzee wangu, bando halina kosa. Umoja wa Falme za Kiarabu huzuia kupiga simu za sauti na video kwa WhatsApp kwenye mitandao yao. Maandishi, picha na sauti za kurekodi zinapita. Wakaazi wengi hutumia Botim, programu nyengine ya kupigiana simu. Atakayemshauri atumie VPN, programu ya kupitisha intaneti njia nyengine ili kukwepa kizuizi, amwambie na hili: sheria ya huko ina faini inayoanzia dirham 500,000 kwa anayeitumia kutenda au kuficha kosa. Sauti za kurekodi zinatosha kujuliana hali.

Naenda Guangzhou kuchukua mzigo na safari hii nampeleka mwanangu kiwanja cha michezo cha Chimelong. Ninunue laini ya Kichina?
Mfanyabiashara, Darajani

Ukinunua ya Kichina, WhatsApp, Google na Instagram hazitafunguka, na wateja wako wa Unguja watadhani umepotea. Romingi au eSIM ya safari kwa kawaida hupitisha data nje ya China kwanza, ndiyo maana hufungua. Alipay au WeChat, programu za kulipia za kule, iandae ungali nyumbani, kadi ikiwa imeunganishwa, kwani maduka mengi yanalipwa kwa QR. Ukivuka kwenda Disneyland ya Hong Kong, kizuizi hakipo, lakini hakikisha eSIM yako inaitaja Hong Kong kwa jina lake kwenye orodha ya nchi. Ya “China” pengine haiihesabu.

Nimeuziwa iPhone 14 haina tundu la laini. Nimetapeliwa?
Kijana, Mkoani

Hapana, hiyo ni ya soko la Marekani, kuanzia 14 zao hazina tundu. Utatumia eSIM tu. iPhone 14 zilizotengenezwa kwa China bara ni kinyume chake, zina nafasi ya chipu mbili na eSIM hazina. Unachotakiwa kuangalia ni kama imefungwa na mtandao wa Marekani: ingia Settings, General, About, kisha “Carrier Lock”. Isiposomeka “No SIM restrictions”, mrudishie muuzaji leo.