Kwa nini Saint-Lô ilifunguka na Caen ikagoma?

SWALI: Nimesoma kwamba Julai 1944 Wamarekani walitoka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, baada ya ndege kumwaga mabomu karibu na Saint-Lô. Lakini wiki moja kabla, Waingereza nao walitanguliziwa mabomu mazito kule Caen, wakakwama. Tofauti ilikuwa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, umegusa penyewe. Usiitafute tofauti kwenye mabomu, itafute nyuma ya mstari uliopigwa.

Caen, tarehe 18 Julai, Wajerumani walikuwa wamejipanga mstari nyuma ya mstari. Mabomu yaliwasaga wa mbele, lakini vifaru vya Waingereza vilipotokea uwandani vikapokewa na mizinga iliyosalimika kwenye mwinuko wa Bourguébus. Hasara ilikuwa kubwa, ila shambulio lile liliendelea kuvishikilia vifaru vingi vya adui upande wa mashariki.

Magharibi, kwa Wamarekani, ukuta ulikuwa mwembamba. Panzer Lehr, divisheni ya vifaru ya Wajerumani, ilikuwa imechakazwa na wiki nyingi za vita katika mashamba yaliyozungukwa na matuta ya udongo yenye miti na vichaka, na nyuma yake askari wa akiba walikuwa haba. Jenerali Bradley, kamanda wa Wamarekani pale, akachagua kipande chenye upana wa kilomita 6 na ushei, kikapigwa na ndege nzito zipatazo 1,500.

Hiyo ilikuwa 25 Julai. Mabomu mengine yaliwaangukia Wamarekani wenyewe, yakaua 111, akiwemo Luteni Jenerali McNair, na jana yake askari 25 walikuwa wamekufa kwa kosa hilohilo. Waliobaki wakajikung'uta vumbi na kusonga mbele, wakakuta Wajerumani bado wanafyatua. Hadi jioni walikuwa wamepata kama kilomita 2 tu. Ukiitazama ramani ya jioni ile, utadhani ni Caen ya pili.

Hapa nampa heshima yake Jenerali Collins, aliyeongoza divisheni za shambulio. Mpango ulitaka askari wa miguu wateke kwanza vijiji vya Marigny na Saint-Gilles, ndipo vifaru vipite. Hawakuwa wameteka hata kimoja. Lakini Collins aliona kwamba adui anapigana vipandevipande, kila kundi kivyake, bila mstari unaowaunganisha. Akaamuru vifaru viingie asubuhi ya tarehe 26. Angekosea, magari yangesongamana kwenye njia nyembamba chini ya mizinga ya adui. Hakukosea: Saint-Gilles ilianguka alasiri hiyohiyo.

Wengi hupenda kutaja meno ya chuma yaliyofungwa mbele ya vifaru ili vipasue matuta, ubunifu wa Sajenti Culin, yaliyotengenezwa kwa vyuma vya vizuizi vya Wajerumani vya ufukweni. Yalisaidia, lakini kwa maoni yangu uamuzi wa Collins ulikuwa na uzito zaidi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Coutances 28 Julai, Avranches 30, na kesho yake daraja la Pontaubault likatekwa likiwa zima. Kuanzia 1 Agosti Jeshi la Tatu la Patton likamiminika kupitia hapo. Wajerumani walihamisha vifaru kutoka upande wa Caen, lakini walichelewa: walipojaribu kuikata njia hiyo ya Avranches kupitia Mortain, 7 Agosti, Wamarekani walikuwa tayari mbali nyuma yao.