Kache ya GB 100 na fremu zilezile 28: anza na diski

Mkuu, umeuliza kwa nini baada ya kupandisha kache (akiba ya data kwenye diski) ya gemu la ndege la Microsoft Flight Simulator 2020 kutoka GB 8 hadi GB 100, fremu, yaani picha zinazochorwa, zimebaki 28 kwa sekunde na ndege sasa inakwamakwama kuliko mwanzo. Umesema laptop yako ina ramu ya GB 16, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 256 yenye Windows, na HDD (diski ya zamani inayozunguka) ya TB 1 ambako umeweka gemu pamoja na hiyo kache. Tatizo lako liko kwenye hiyo HDD, siyo kwenye namba uliyochagua.

Gemu hii haibebi dunia nzima kwenye kompyuta yako. Picha za ardhi zinatoka kwenye ramani za Bing, ni zaidi ya petabaiti 2, na zinakaa kwenye seva. Unaporuka, vipande vya ardhi iliyo mbele yako vinashushwa, na nakala yake inawekwa kwenye faili moja linaloitwa ROLLINGCACHE.CCC. Likijaa, data za zamani zinatolewa kupisha mpya. Kazi yake inaishia hapo: kukuepusha kushusha kitu kilekile mara ya pili. Fremu ni kazi ya prosesa na GPU (chipu ya michoro), na hao wawili hawajali kama faili hilo lina GB 8 au GB 500.

Mimi narudia sana njia ya Dar kwenda Zanzibar kwa Cessna Caravan, na kioo cha pili nakiachia Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha diski na mtandao vinavyofanya kazi. Kache ikiwa tupu, grafu ya mtandao inapandapanda njia nzima, hasa Unguja inapoanza kuonekana. Nikirudia njia hiyo, mtandao unatulia na diski ndiyo inayofanya kazi. Faili likiwa kwenye SSD, naingia fainali (mstari wa mwisho wa kutua) ya ranwei 36 ya Zanzibar na majengo yamekamilika kabla sijafika. Nikilihamishia HDD, diski inagonga asilimia 100 na kila nikigeuza pua picha inaganda kidogo. HDD ina kichwa kinacholazimika kusogea kufuata data, na hapa data ni vipande vidogo vilivyotawanyika. Kwako kichwa hichohicho kinatumwa pia kusoma gemu lenyewe. Ukiwa na faiba nzuri, kuzima kache kabisa ni afadhali kuliko kuiweka kwenye HDD, kwa sababu mtandao wako unaweza kuleta vipande haraka kuliko hiyo diski.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya jumla, sehemu ya data, ufute hiyo kache, ubadilishe njia ya faili iende kwenye SSD, na uipe GB 16, au 32 kama nafasi ipo. Usiijaze SSD ya GB 256 mpaka ukingoni, maana Windows nayo inahitaji pa kupumulia na SSD iliyojaa inapungua kasi. Ukubwa uendane na unavyoruka. Anayezunguka Arusha, Kilimanjaro na Serengeti kila wikendi anafaidika na kache. Anayeruka leo Tokyo na kesho Lima haimsaidii kitu, kwa sababu harudi alikopita. Na kila likitoka sasisho kubwa la ramani, ifute uanze upya. Ukiona ardhi ina ukungu usioisha au pembetatu za ajabu zinachomoza chini, mara nyingi ni data za zamani zinagombana na mpya.

Wadau wanaotumia bando wasisahau kache ya pili kwenye menyu hiyohiyo, ile unayoichora mwenyewe kwenye ramani. Unachagua eneo na ubora, unaacha ishuke usiku wakati bando ni rahisi, na haifutwi kupisha data nyingine. Miji iliyopigwa picha kwa pande tatu kama London inakula data vibaya sana, kwa hiyo kama unaipenda, ishushe mapema au uzime miji ya aina hiyo kwenye menyu ya data. Toleo la 2024 linategemea mtandao zaidi ya hili, kwa hiyo mwenye bando dogo alifikirie hilo kabla ya kuhama.

Kuna kache nyingine isiyohusiana na diski wala mtandao, nayo watu wengi wanaipita bila kuigusa. Iko kwenye mipangilio ya michoro, na inaamua gemu iandae kiasi gani cha ardhi iliyo nje ya macho yako. Ikiwa chini kabisa, ukiwa kwenye besi, kipande cha kabla ya fainali, na ukageuza kichwa kutafuta ranwei, ardhi ya upande huo inaanza kujengwa palepale na picha inashtuka. Ukiipandisha, kichwa kinageuka laini, ila ramu inaliwa. Kwa GB 16 zako, weka ya kati. Ukifunga kivinjari na programu nyingine zote kabla ya kuruka, jaribu moja juu yake.

Na kama una programu ya kusafisha kompyuta, angalia isikufutie kache ya sheda, yaani programu ndogo za kuchora picha. GPU huandaa sheda mara ya kwanza na kuzihifadhi. Ukizifuta kila wiki unajitafutia kukwama kila wiki. Ukisasisha draiva ya GPU, safari ya kwanza itashtukashtuka, iache imalize.

Sasa zile fremu 28. Kache inayopandisha fremu kweli ni ile iliyo ndani ya prosesa. AMD walipotoa Ryzen 7 5800X3D mwaka 2022, waliipa MB 96 za kache ya L3 (akiba kubwa iliyo ndani ya prosesa), wakati 5800X ya kawaida ina MB 32. Kasi yake ya msingi iko chini, GHz 3.4 dhidi ya 3.8, na bado kwenye simuleta za ndege inaiacha mbali, kwa sababu prosesa haisubiri ramu kila mara. Kwa laptop huwezi kubadilisha hilo, lakini unaweza kumpunguzia prosesa mzigo. Washa hali ya wasanidi, fungua kipimo cha fremu, uone kimeandika nini. Kikitaja MainThread, yaani prosesa ndiyo inayokwamisha, shusha umbali wa maelezo ya ardhi hadi 100 au chini yake, punguza magari na ndege za viwanjani, na upunguze kasi ya kuchora upya skrini za chumba cha rubani. Kikitaja GPU, shusha mawingu kwanza, halafu azimio la picha.

Badilisha kimoja, ruka njia ileile mara mbili, ndipo ugeukie kingine. Ukishahamisha faili kwenda SSD, tuwekee hapa kipimo hicho kinasema nini na diski inafika asilimia ngapi ukiwa fainali, tuone kama kuna kingine cha kushusha.