Membreni za MBR zinaziba tena siku ya tatu baada ya kuoshwa: usinunue mpya kwanza

Mkuu, umesema kwenye MBR yako, yaani mtambo wa kusafisha maji taka kwa bakteria na membreni (vichujio vya matundu madogo sana), presha ya kuvuta maji kupitia membreni imepanda kutoka kilopaskali 8 hadi 35 ndani ya wiki mbili, umeosha kwa klorini mara mbili, inashuka, halafu siku ya tatu iko kulekule juu. Unauliza kama membreni zimekufa. Membreni iliyokufa, presha yake haishuki namna hiyo ukiiosha. Yako inashuka, kwa hiyo matundu yanafunguka. Kinachoyaziba kinatengenezwa upya kila siku ndani ya tangi lako.

Nimefanya zamu miaka kadhaa kwenye mtambo wa aina hiyo, nyuzi za membreni zimezamishwa humohumo kwenye tope la bakteria, na kosa lako nimelifanya. Tulikuwa na tope la kama mg 9,500 kwa lita. Mwenzetu wa zamu nyingine akaliona zito, akafungua valvu ya tope la ziada siku nne mfululizo, likashuka hadi 5,000. Wote tulifurahi: tope jepesi si linachujika kirahisi? Kumbe uchafu unaoingia ni uleule, walaji wamebaki nusu. Bakteria wakilemewa na chakula, na oksijeni nayo ikipungua, hutoa ute mwingi wa sukari na protini unaoelea kwenye maji. Vipande vikubwa vya tope husuguliwa na mapovu ya hewa vikaondoka. Ute hauondoki hivyo, unaingia mdomoni mwa tundu na kukaa. Likafuata povu la kufurika ukingoni, na mtu akamwaga dawa ya povu yenye silikoni. Kutonesha kidonda. Silikoni yenyewe inaziba membreni.

Tukawa tunaosha. Osha, ipande, osha. Hakuna aliyekwenda kuangalia tope mpaka fundi mmoja mzee aliponipa faneli na karatasi ya chujio.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kunja karatasi kwenye faneli, mimina mililita 50 za tope, hesabu zinazoshuka kwa dakika 5. Kwetu siku nzuri zilipita 10. Siku ile nilisimama na saa mkononi, dakika ya tatu tone likaning'inia kwenye ncha ya faneli, halidondoki. Jumla mililita 3, tena zenye ukungu. Hapo nilielewa kwamba hata membreni mpya kabisa zingezibwa na tope lile. Kipimo hiki tumia karatasi ya aina moja siku zote, la sivyo namba za leo na za jana hazilinganishiki.

Tulichofanya: tulisimamisha kutoa tope, tukaongeza hewa kwenye tangi la bakteria, na tukapunguza uvutaji. Hili la mwisho wakubwa hawalipendi, lakini ndilo lenye nguvu. Mwaka 1995 Field na wenzake walieleza kwamba kuna kiwango cha uvutaji ambacho chini yake membreni haizibi, na ukikipita inaanza kuziba. Kiwango hicho hakikai mahali pamoja. Tope likiharibika kinashuka, na zile lita 20 kwa mita ya mraba ya membreni kwa saa ulizozizoea zinakuwa nyingi mno. Tulishuka hadi 12, tukarudisha mpangilio wa kuvuta dakika 9 na kupumzika 1, hewa ya kusugua ikiendelea muda wote. Ilichukua karibu wiki tatu tope kupona.

Halafu usiangalie presha peke yake. Gawanya uvutaji kwa presha. Lita 20 kwa baa 0.08 (kilopaskali 8) ni 250. Lita hizohizo kwa baa 0.35 (kilopaskali 35) ni 57. Namba hiyo ndiyo inakuonyesha afya ya membreni hata siku umebadilisha uvutaji.

Ukiona karatasi inachuja vizuri na presha bado inapanda, basi nyanyua kaseti moja (fremu inayoshika nyuzi) uitazame kwa macho. Sisi mara moja tulikuta nywele zimejisokota na nyuzi kama kamba, tope limegandamana katikati gumu kama udongo wa mfinyanzi, hewa haipiti hata kidogo. Chekeche letu la maji yanayoingia lilikuwa la mipasuo, na unywele hupita kwenye mpasuo kwa urefu wake. Kwa nyuzi unataka matundu ya duara ya milimita 1 hadi 2. Klorini haitoi nywele. Unatoa kwa mkono na maji ya presha ndogo, taratibu, usikate nyuzi.

Kama maji yenu yana chokaa nyingi, au mnaweka chumvi ya chuma kuondoa fosforasi, jaribu kuosha kwa asidi ya sitriki, kwani klorini haina kazi kwenye madini. Lakini suuza kabisa katikati. Asidi ikikutana na klorini inatoa gesi ya sumu, na kwenye chumba kilichofungwa hutapata muda wa kukimbia.

Nipe namba hizi: uzito wa tope, oksijeni kwenye tangi, mililita za karatasi, na kiasi cha tope mlichotoa wiki mbili kabla presha haijaanza kupanda. Hiyo ya mwisho waulize zamu zote, usiamini daftari tu.