Barua kwa mwanangu aliye Chicago: yule babu aliyeingia "kwa utaratibu"

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili nikamwita mama yako naye asikie. Umesema yule mzee unayemhudumia, ulipokuwa unamfunga vifungo vya shati, alikwambia kwa upole kabisa kwamba babu yake alitoka Bohemia, nchi ya Wacheki huko Ulaya, mwaka 1893, akaingia Marekani kwa utaratibu na karatasi zake mkononi, si kama hawa wa siku hizi. Ukanyamaza, lakini neno likakukaa kifuani kutwa nzima. Sasa unaniuliza: Baba, wewe uliyefundisha historia, ni kweli?

Babu yake hakuvunja sheria, na mzee hakukudanganya, amesimulia alivyosimuliwa. Ila utaratibu wenyewe haukuwa huu unaoujua wewe. Mwaka 1893 mtu wa Ulaya hakuhitaji viza kwenda Marekani. Hakukuwa na foleni ya ubalozini wala mgawo wa idadi kwa kila nchi. Mgawo huo ulikuja miaka ya 1920. Alihitaji nauli ya meli na afya. Wewe ulisubiri miezi 14, na safari zote zile za Dar es Salaam tulikwenda pamoja, kwa hiyo nikilitaja jambo hili linaniuma kama linavyokuuma wewe.

Kama alishukia New York, basi alipita kisiwa cha Ellis, kituo cha kukagua wahamiaji kilichofunguliwa Januari 1, 1892. Abiria wa madaraja ya juu walikaguliwa upesi ndani ya meli, wakashuka zao. Wa daraja la chini ndio waliopelekwa kisiwani. Daktari aliwatazama macho, ngozi na mwendo. Karani akawauliza jina, kazi, waendako na fedha walizonazo. Wengi walimaliza kwa saa chache. Katika maisha yote ya kituo kile, waliokataliwa walikuwa kama wawili katika kila mia.

Kuna swali moja ambalo darasani sikuliacha lipite hivi hivi, nalo ni la kazi. Sheria ya mwaka 1885 ilikataza kibarua kuingia akiwa na mkataba wa kazi, kwa sababu waajiri walikuwa wakileta watu kutoka ng'ambo ili kuvunja migomo na kushusha ujira. Ukisema kuna kampuni inakungoja, unarudishwa. Ukionekana huwezi kujitegemea, unarudishwa vilevile. Basi watu walifundishana njiani la kujibu: nguvu ninazo, kazi nitaipata, ila sijaahidiwa na mtu. Leo barua ya mwajiri ndiyo inayofungua mlango. Siku zile iliufunga.

Ama karatasi, nitakwambia ni nani hasa walioamriwa kutembea nazo. Ni Wachina. Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie kwa miaka 10, wao kwa jina lao, baada ya mikono yao kuchimba dhahabu na kutandika reli ya kuvuka milima ya magharibi. Mwaka 1885, mjini Rock Springs katika Wyoming, wachimba makaa wa Kichina 28 waliuawa na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1892 zuio likaongezwa muda, na kila kibarua wa Kichina aliyekuwa tayari nchini akatakiwa awe na cheti cha ukaazi, asipokuwa nacho akamatwe na afukuzwe. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali sheria hiyo mwaka 1893, mwaka uleule ambao babu wa mzee wako alishuka melini. Zuio halikuondolewa mpaka mwaka 1943. Kwa hiyo mtu akisema wa zamani walikuwa na karatasi zao, mimi huwafikiria hao.

Sasa huo mji alioufikia. Moto wa mwaka 1871 ulikuwa umeiteketeza sehemu kubwa ya Chicago, watu wapatao 100,000 wakabaki bila makazi. Lakini mji wenye watu wasiofika 300,000 mwaka 1870 ulipita milioni moja mwaka 1890. Fikiria Bagamoyo yetu ikimeza watu namna hiyo. Zaidi ya robo tatu ya wakazi walikuwa wamezaliwa ng'ambo au ni watoto wa waliozaliwa ng'ambo. Walitakiwa na viwanda, machinjio na reli, ila nyumba na maji safi havikuwangoja. Familia zilibanana vyumba viwili vitatu vya mbao, choo uani. Maji taka yaliingia mtoni, mto ukaingia ziwani, na ziwa ndilo walilokunywa. Homa ya matumbo iliwazika wengi, hadi mwaka 1900 walipochimba mfereji na kuugeuza mto wenyewe ulipe ziwa kisogo.

Wabohemia walijaa mtaa wa Pilsen, karibu na magati ya mbao, wakipakua mbao kwa ujira mdogo. Na hao wanaokumbukwa leo kwa heshima, wakati ule hawakuheshimiwa. Mgomo wa reli wa Julai 1877 ulipofika Chicago, polisi na askari walipambana na wafanyakazi kwenye daraja la mtaa wa Halsted, Wabohemia wengi wakiwamo, na watu wapatao 30 wakafa mjini. Magazeti yaliwaita wageni wakorofi, wakomunisti, watu wasiojua uhuru ni nini. Maneno hayo mwanangu umeshayasikia, yamebadilishwa watu tu wa kutupiwa.

Ile barabara ya Cermak unayopita na basi kwenda kazini imebeba jina la mmoja wao. Anton Cermak alizaliwa Bohemia mwaka 1873, akaletwa akiwa mtoto mchanga, akachimba makaa ujanani. Alipogombea umeya wa Chicago mwaka 1931, mpinzani wake alilifanyia mzaha jina lake na asili yake. Yeye akajibu kwamba ni kweli hakuja na Mayflower, meli ya wale walowezi wa mwanzo, lakini alikuja mara tu alipoweza. Akashinda. Jibu lile nalipenda mno.

Mzee usimbishie, mtu wa miaka 90 hatengwi na babu yake. Muulize tu babu alifanya kazi gani alipofika, alilala wapi, na wenyeji walimwitaje. Msikilize vizuri, huenda ana mengi ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Halafu ile piano ya sebuleni kwake uliyonitumia picha. Nimeikuza picha, vibao vyake vyeupe vimegeuka manjano. Enzi hizo familia ya mjini ikipata nafuu ilinunua piano, na pembe za ndovu za vibao hivyo zilikatwa katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton. Nyingi zilitoka Unguja, na kabla ya Unguja zilipita hapa kwetu, mabegani mwa wapagazi waliotembea miezi kutoka Tabora na Ujiji. Utakapokuwa unaifuta vumbi, iangalie kwa karibu. Pembe halisi ina mistari myembamba kama ya mti. Nijulishe umeona nini.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama koti limetosha.

Baba yako
Bagamoyo