Wajina Wawili Katika Mji Mmoja: Kwa Anayeanza Kutafuta Nasaba za Walowezi wa New England

Kati ya mwaka 1620 na 1640 Waingereza wapatao 20,000 walivuka Atlantiki kwenda New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, na wanaume wengi mno miongoni mwao waliitwa John, Thomas au William. Ukiingia kwenye kazi hii ya nasaba, iwe umeajiriwa kwenye hifadhi ya nyaraka au unawatafutia wakwe zako wa Massachusetts mizizi ya ukoo wao, John Brown utakutana naye siku ya kwanza. Hapo utajiuliza: sasa huyu wa kwetu ni yupi? Naomba uliweke kando swali hilo kwa muda, maana nimeona likiharibu kazi nyingi nzuri.

Anayemtafuta wa kwake huokota kila karatasi yenye jina analolitaka na kuibandika kwa babu yake. Mwisho wa siku babu ana wake watatu waliokuwa hai kwa wakati mmoja, na amehudhuria mikutano ya mji siku moja katika miji miwili. Wewe wakusanye akina John Brown wote wa mji ule na miji ya jirani, walio wako na wasio wako, kisha mjenge kila mmoja peke yake: mkewe nani, kazi yake nini, shamba lake liko wapi, majirani zake ni akina nani, anatia saini au anachora alama. Wakishasimama wote kama watu kamili, wa kwenu ataonekana. Jina ni ushahidi dhaifu kuliko wote ulio nao, na inachukua muda mtu kulikubali hilo moyoni, kwa sababu jina ndilo lililomleta kwenye utafutaji.

Mfano unaonifaa kila ninapomfundisha mtu ni wa William White, abiria wa Mayflower, meli iliyopeleka walowezi New England mwaka 1620. Mkewe aliitwa Susanna. Sasa, kule Leiden, Uholanzi, walikoishi Waingereza waliojitenga na kanisa la kwao, kuna kumbukumbu ya ndoa ya mwaka 1612 ya William White, mchambua sufu, na Anna Fuller. Jina ni lilelile, jumuiya ni ileile, na miaka inakubali. Basi kwa vizazi watu wakaandika kwamba Anna na Susanna ni mwanamke mmoja, na wajukuu wengi wakajihesabu damu ya Fuller. Lakini Leiden haikuwa na William White mmoja tu. Ushahidi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Susanna alitoka ukoo wa Jackson wa Scrooby, kijiji ambako kundi lile la waumini lilianzia. Sehemu ya ushahidi ni barua ya mwaka 1623. Susanna alifiwa na William majira ya baridi ya kwanza kule Plymouth, makazi ya walowezi wa Mayflower, akaolewa na Edward Winslow Mei 1621, na Winslow huyo alikuwa akimwandikia Robert Jackson wa Spalding, Uingereza, kama jamaa.

Litazame vizuri jambo lenyewe. Kumbukumbu ya Leiden haikuwa na kosa lolote, na ya Plymouth vilevile. Tatizo lilikuwa kwenye kuziunganisha. Jina la mke lilikuwa limekataa tangu mwanzo, na badala ya kulisikiliza, watu walilipinda. Kwa hiyo ukiona jina la mke halilingani, usitafute maelezo ya kulifanya lilingane. Simama hapo, chukulia una wanaume wawili mpaka karatasi zikulazimishe kusema ni mmoja. Watu wawili ulioandika mbalimbali utawaunganisha kwa dakika moja siku ukipata ushahidi, ila waliounganishwa kimakosa, wakanakiliwa kwenye mamia ya miti ya ukoo huko intaneti, hakuna wa kuwatenganisha tena.

Linalofuata kwa kuwakwaza wanaoanza ni Senior na Junior, maneno yanayoandikwa baada ya jina. Leo ni baba na mwana. Katika karne ya 17 karani wa mji alitumia maneno hayo kutofautisha mkubwa na mdogo wa umri, basi. Junior anaweza kuwa mwana, mpwa, au mtu baki kabisa aliyehamia mjini mwaka jana. Tena maneno hayo yanahama: Senior akifa au akiondoka, Junior wa jana anaandikwa Senior leo, na yule aliyekuwa wa tatu anapanda kuwa Junior. Kwa hiyo usiandike kwenye faili lako “John Brown Junior” kana kwamba ni jina lake. Andika “aliyeitwa Junior mwaka 1658”, kisha ufuatilie ni lini wito ulibadilika, kwa sababu mara nyingi mabadiliko hayo ndiyo tangazo pekee la kifo utakalolipata.

Vyeo navyo havisaidii kama unavyodhani. John Winthrop, gavana wa Massachusetts, alifariki 1649. Mwanawe John Winthrop alikuwa gavana wa Connecticut mpaka alipofariki 1676. Mjukuu, John pia, ambaye wengi humwita Fitz-John, naye akawa gavana wa Connecticut kuanzia 1698 hadi 1707. Karatasi isemayo “Gavana John Winthrop” haikwambii kitu mpaka ujue mwaka na koloni. Hawa walikuwa watu wakubwa walioacha barua nyingi. Sasa fikiria mfumaji wa kawaida wa Ipswich, mji mdogo wa Massachusetts.

Na mwaka wenyewe una mtego. Waingereza na makoloni yao walikuwa wakianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, mpaka walipobadilisha kalenda mwaka 1752, mwaka ambao tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Tuseme una hati inayosema John Brown amenunua shamba tarehe 15 Aprili 1650, na orodha ya mali za marehemu John Brown, mji huohuo, ya tarehe 5 Februari 1650. Anayeanza atasema marehemu hanunui shamba, basi hawa ni wawili. La hasha. Kwa hesabu yao Februari 1650 ilikuja miezi kumi baada ya Aprili 1650. Sisi tungeiita Februari 1651, na watafiti huiandika 1650/51 ili kusiwe na utata. Makarani wengi pia waliandika miezi kwa namba, na mwezi wa kwanza ulikuwa Machi. Aliyekulia Pwani akihesabu Mfungo Mosi na Mfungo Pili hatapata shida: ni suala la kujua hesabu imeanzia wapi. Tarehe iandike kama ilivyo kwenye karatasi, na tafsiri yako pembeni, kamwe usifute ya asili.

Kazi kubwa ya kutenganisha wajina hufanywa na ardhi, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Mtu hauzi asichokuwa nacho. Kila John anayeuza, uliza alikipataje: aligawiwa na mji, alinunua, alirithi, au kilikuja na mke? Soma mipaka neno kwa neno. John Brown anauza eka 6 za kinamasi cha maji ya chumvi, walikokuwa wakikata nyasi za mifugo. Mashariki ni kijito, kaskazini ni shamba la Thomas fulani, na Mary mkewe anakubali kuachia haki yake katika shamba hilo. Rudi nyuma kwenye daftari la mgao wa mji. Ukikuta eka 6, kijito hicho na Thomas huyo, na aliyegawiwa ameandikwa “John Brown, mfumaji”, umeshamfunga mfumaji na Mary. Yule John Brown mwingine, fundi seremala mwenye mke Hannah, hana shamba kijitoni. Hakuna karatasi iliyotamka kwamba wako wawili. Mipaka ndiyo iliyosema.

Tangu 2024 FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, ina utafutaji unaosoma maandishi ndani ya picha za hati za ardhi na mirathi za Marekani, bila malipo. Usimtafute John Brown humo, utazama. Mtafute jirani mwenye jina adimu. Yeye ndiye atakayekupeleka kwa John aliyepakana naye.

Tahadhari moja kuhusu saini. Madaftari ya usajili wa hati ni nakala, kwa hiyo mwandiko uuonao ni wa karani. Saini ya kweli iko kwenye wosia halisi, karatasi za mirathi na mafaili ya mahakama. Mahakamani kuna hazina nyingine: shahidi alizoea kutajwa umri wake, “wa miaka 40 hivi”. Kumbukumbu za mahakama za Wilaya ya Essex huko Massachusetts, penye Salem, mji ambao karne mbili baadaye meli zake zilileta merikani Zanzibar, zimejaa umri wa namna hiyo. Miaka 40 hivi na miaka 22 hivi katika mwaka mmoja si mtu mmoja.

Maneno ya ujamaa yasome kwa uangalifu. Aliyeandikwa mkwe huenda ni mtoto wa kambo, na ndugu huenda ni shemeji. Mtu alipofariki bila wosia, sheria ya Massachusetts ilimpa mtoto wa kwanza wa kiume mafungu mawili, kwa hiyo mgawanyo wa mirathi hukuonyesha mkubwa hata pasipokuwa na kumbukumbu za kuzaliwa.

Ukivuka kwenda koloni la Virginia, kusini, mtego unageuka. Huko, kuanzia 1618, aliyelipia nauli ya mtu alidai eka 50. Madai hayo yaliuzwa na kuhamishwa, na mtu aliyesafiri zaidi ya mara moja aliweza kudaiwa tena, hivyo jina moja kwenye hati kadhaa laweza kuwa mtu mmoja, na tarehe ni ya kudai, siyo ya kufika.

Kipimo cha DNA cha mstari wa kiume kitakusaidia iwapo wajina hawana undugu. Kama ni baba na mwana, au mtu na mpwa wake kwa kaka, wote wamebeba mstari huohuo na kipimo hakitawatofautisha. Hapo rudi kwenye mashamba.

Unapoandika ripoti, usiwape wajina namba. Wape alama wanazostahili: John Brown (mfumaji, mke Mary, kijitoni), John Brown (seremala, mke Hannah). Na karatasi isiyo na mke, kazi wala shamba, iweke kwenye ukurasa wake, yenye jina tu, isubiri.