Usiipige msasa kwanza!

Kaka, umeuliza kama ile propela ya mbao uliyoiona dukani Mji wa Kale ni ya ndege kweli, na muuzaji anataka kuipiga msasa na vanishi kabla hujaichukua. Tafadhali mzuie. Msasa utafuta ushahidi wote.

Tazama kitovuni, pale katikati. Propela nyingi za kweli zina namba zilizogongwa kwenye mbao yenyewe: namba ya mchoro, aina ya injini, na mara nyingi herufi D na P, yaani kipenyo na hatua ambayo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Ukisoma Gipsy Major, hiyo ni injini ya kampuni ya de Havilland iliyoendesha Tiger Moth, ndege ndogo ya mafunzo. Karatasi ya kubandika yenye nembo haithibitishi kitu, mtu anaichapisha leo.

Halafu angalia mbao kwa ubavuni. Lazima uone tabaka zilizounganishwa kwa gundi, kwa kawaida mkangazi, mwaloni au jozi. Gogo moja lililochongwa litie shaka kubwa. Mashimo ya bolti yawe na alama za kubanwa na sahani ya chuma. Yakiwa safi kama ya jana, uliza maswali. Kama ukingo wa mbele umevikwa shaba, tafuta vitundu vidogo nchani vya kutoa unyevu. Waigaji wengi huvisahau.

Piga picha za kitovu pande zote mbili, uzilete hapa.