Ukipewa kazi ya kutunga muziki wa mchezo wa shule

Nilipokuwa kidato cha tano katika shule moja ya bweni mkoani Lindi, darasa letu la fasihi liliandika mchezo wa kuigiza kuhusu mwanzo wa Vita vya Majimaji, na kwa kuwa nilikuwa napiga kinanda kwenye kwaya, nikapewa kazi ya kutunga muziki wote wa mchezo huo. Hakuna aliyeniambia kazi hiyo huanzia wapi. Nikauchukua mswada, nikaenda nao nyumbani likizo ya Desemba, na kwa majuma matatu nikatunga vipande 14, kila kimoja nikikipiga na kukirudia mpaka kikakaa sawa mikononi. Shule ilipofunguliwa Januari nikavipiga kwenye mazoezi, na katika vyote 14 vilivyofaa vilikuwa viwili. Ninamwandikia mwanafunzi ambaye sasa hivi ana mswada mkononi na anatamani kukimbilia ala yake, nikimwomba asubiri kidogo.

Kilichoharibika nilikiona siku ile ile ya kwanza. Kulikuwa na tendo ambamo mama anarudi jioni kutoka shamba la pamba la jumbe, na nilikuwa nimemtungia muziki wa pole wa sekunde 40, wenye huzuni nyingi. Mwigizaji aliingia, akapiga hatua tisa, akashusha tenga, akaketi, akafungua kinywa aseme. Muziki ulikuwa bado haujafika hata nusu. Kwa heshima akanyamaza kuusubiri, na kusubiri kule kukamwondolea uchovu wote aliokuwa ameubeba mwilini. Mwalimu aliyekuwa akituongoza akaniita pembeni na kuniambia, “Mwanangu, wimbo wako ni mzuri, lakini huyu mama amechoka, na wewe unamkataza kukaa.” Maneno hayo yalinifunza zaidi ya miaka yote niliyokuwa kwenye kwaya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uhudhurie mazoezi yasiyopungua matatu bila ala yoyote, ukiwa na daftari na saa peke yake. Andika nani anaingia kwa hatua ngapi, nani hunyamaza kabla ya kujibu, mandhari inachukua muda gani kubadilishwa, na ni wapi waigizaji wenyewe wanatoa sauti: miguu mitupu sakafuni, kikohozi, jembe likigonga jiwe. Mambo haya hayamo katika mswada. Ukishapata muda, hesabu inakuwa nyepesi. Kama kubadilisha mandhari kunachukua dakika 1 na sekunde 20, na mwendo unaoutaka ni wa mapigo 90 kwa dakika, basi una mapigo 120, yaani vipimo 30 vya mapigo manne. Tunga kipande cha vipimo vinane kinachoweza kurudiwa na kukatwa popote, kwa sababu siku ya onyesho kitanda kitagoma kupita mlangoni na dakika moja itakuwa mbili.

Nitakaa kidogo kwenye jambo la kinu, kwa sababu humo ndimo nilimoupata muziki wenyewe. Mwanzoni mwa mchezo kulikuwa na wanawake watatu wakitwanga mtama uani, nao walipewa kinu cha kweli kilichoazimwa kijijini, na kila mmoja mchi wake. Wanaotwanga kwa kupokezana hawaihesabu. Mchi mmoja ukishuka mwingine uko juu, na wa tatu uko njiani, na mapigo yao yanakuja matatu matatu kama maji yanayodondoka mahali pamoja. Niliketi kwenye mazoezi hayo nikasikia kwamba mwendo niliokuwa nautafuta kwenye kinanda likizo nzima ulikuwa pale uani tayari, nikaufanya mwendo wa mchezo mzima. Ngoma ikaupokea katika tendo la kung'oa pamba, lile linalotokana na yaliyofanywa kweli Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi. Vikundi viwili vya waimbaji vikaupokea katika tendo la kugawana maji ya dawa.

Kisha nikagundua jambo ambalo nisingeweza kulibuni. Kinu chenye mtama hutoa sauti fupi, nzito, iliyofunikwa, kwa sababu nafaka humeza pigo. Kinu kitupu hulia: kina mwangwi, na ukikipiga katika ukumbi wa saruji unakisikia mpaka nyuma. Mchezo wetu uliishia katika njaa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na mazao, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Basi sikuhitaji wimbo mpya wa mwisho. Nilihitaji mwanamke mmoja badala ya watatu, mwendo ule ule, na kinu kisicho na kitu ndani. Ninakusihi utafute katika mchezo wako kitu cha namna hiyo, kitu kinachoshikwa na waigizaji na chenye sauti yake, ukisikilize kinavyobadilika kadiri hadithi inavyobadilika. Mchezo wa wavuvi una makasia na kamba, na mchezo wa mjini una ndoo, bomba na mlango wa bati.

Tukija kwenye nyimbo zenye maneno, ni lazima niseme habari ya mkazo, maana hapa ndipo watunzi wengi vijana huangukia, na mimi niliangukia hadharani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo unaoweka pigo zito mahali pengine hulipindisha neno hata kama sauti ni tamu. Nilikuwa na wimbo wa watu wanaolazimishwa kazi, na mstari wake mmoja ulisema “tunajenga barabara.” Nikaweka pigo zito kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, kwa kuwa ndivyo kinanda kilivyotaka. Mwalimu wa Kiswahili akasimamisha mazoezi akaniuliza kama watu hawa wanalalamika au wanajisifu, kwani ukiitamka “barabara” kwa mkazo ule inakuwa si njia ya kupita, inakuwa “sawasawa, kama inavyotakiwa.” Wimbo wa kilio ukawa wimbo wa mafundi wanaojisifia kazi yao. Tangu siku hiyo huwa natamka kila mstari kwa sauti mara kadhaa, nikipiga meza pale mkazo unapoangukia, na ndipo ninapoanza kutafuta sauti zake. Mara nyingi wimbo huwa tayari umo katika maneno, na kazi yangu ni kuuinua kidogo tu.

Kuhusu waimbaji, watungie wale ulio nao. Wavulana wa kidato cha pili na cha tatu wana sauti zinazovunjika, na ukiwapa wimbo unaopanda hadi do ya juu utawaaibisha mbele ya wenzao bila kosa lao. Nyimbo zangu zilizosikika vizuri zaidi zilikuwa ndani ya sauti sita, kuanzia do hadi la, na zilikuwa za kiongozi na waitikiaji, kwa kuwa kiitikio kifupi hushikwa siku moja na hata mwenye woga hujificha vizuri katikati ya wenzake. Ziandike kwa nota za solfa. Ninajua wapo wanaouona mtindo huu umepitwa na wakati, ila karibu kila shule yetu ina watu waliopitia kwaya za kanisani wanaousoma bila taabu, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono inatosha waimbaji wanne. Asiyesoma solfa mfundishe kwa kumwimbia. Kurekodi kwenye simu pia kunafaa, mradi urekodi sauti moja moja ili kila mtu aweze kuusikia upande wake.

Wengi huniuliza kama inafaa kutumia nyimbo za wazee. Inafaa, ila nenda ukaulize. Nilitaka kuchukua wimbo niliousikia utotoni wakati dada zangu walipotolewa unyago, nikaenda kwa bibi mmoja jirani kumwomba anikumbushe maneno. Alinisikiliza, akakaa kimya, kisha akasema, “Huo haupandi jukwaani, mjukuu wangu. Ule wa kupalilia chukua.” Akaniimbia wa kupalilia, beti tano, na nikamwandikia jina lake kwenye karatasi ya mchezo kama mwenye wimbo. Nyimbo za jando na unyago zina wenyewe na zina mahali pake, na mtunzi anayezichota bila ruhusa anawajeruhi watu wake mwenyewe. Kwa nyimbo za wasanii wa sasa, ujue kwamba Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwamba kubadilisha maneno ya wimbo wa mtu hakuufanyi kuwa wako. Na uzuri wa kutunga mwenyewe ndio huo: unapoulizwa muziki huu ni wa nani, unajibu bila kusitasita.

Sasa vyombo. Onyesho letu lilikuwa mwishoni mwa Machi, katikati ya mvua, chini ya paa la mabati. Ngozi ya ngoma hunywa unyevu na kulegea, na ngoma iliyolegea hutoa sauti kama mtu anayepiga godoro. Kijana aliyekuwa mpigaji wetu mkuu, ambaye babu yake alikuwa fundi wa kuwamba ngoma, alianza kazi saa nzima kabla ya sisi wengine. Aliwasha moto mdogo wa makuti nyuma ya jiko la shule, akaizungusha ngoma mbali kidogo na ndimi za moto, akiigonga pembeni kwa ncha ya kidole, akisikiliza, akiizungusha tena. Aliniambia kwamba ngozi huanza kuita pembeni kabla ya katikati, na kwamba anayeiharakisha huipasua. Nilipogonga kabla na baada, tofauti ilikuwa kama ya usiku na mchana. Panga muda huo kwenye ratiba yako, na uombe ruhusa ya moto mapema, maana saa moja kabla ya onyesho hakuna mwalimu atakayetaka kusikia habari za moto.

Ule umeme nao haukutufikisha mwisho wa tendo la kwanza. Nilikuwa nimebakiza vipande viwili vya kinanda, na vyote viwili vilizimika pamoja na taa. Wapigaji wakaendelea gizani, waimbaji wakaingia na kiitikio cha kupalilia ambacho hakikuwa kimepangwa pale, mpaka karabai na tochi zikaletwa. Sisemi uache ala za umeme, kwani zina sauti ambazo hatuna kwingine. Ninachosema ni kwamba kila kipande cha umeme kiwe na kipande mwenzake cha mkono kilichofanyiwa mazoezi, hata kama ni kayamba moja na mtu wa kuvumisha sauti.

Jambo la ishara halina maelezo marefu lakini limevunja michezo mingi. Usiwaambie wapigaji waanze baada ya maneno fulani. Waigizaji husahau maneno. Wetu mmoja aliruka kurasa mbili nzima, na wapigaji wakabaki wakisubiri sentensi ambayo haikuja kamwe. Wape kitendo wanachokiona: mkono umeshusha tenga, mlango umefungwa, mzee ameinuka. Wakae pembeni ya jukwaa mahali wanapoona, na mmoja wao tu awe ndiye anayetoa amri ya kuanza na ya kunyamaza.

Lililo gumu kuliko yote ni kufuta. Chini ya maneno ya mwigizaji, muziki mwingi ni kelele, hata ukiwa mzuri, na msikilizaji akilazimika kuchagua kati ya wimbo na mazungumzo hukosa vyote viwili. Muziki ukiwa lazima pale, utumie ala moja iliyo mbali na kimo cha sauti ya anayesema, bila maneno, na ya polepole. Mimi nililia kweli nilipoondoa wimbo wa mama wa sekunde 40, kwa sababu ulikuwa wa kwanza kuutunga na niliupenda. Mwalimu hakunilazimisha, alisema nikae viti vya nyuma nitazame tendo lile mara moja likiwa na muziki na mara moja bila. Nilitazama. Bila muziki nilisikia tenga likigusa sakafu, na pumzi aliyoitoa yule dada, na mvua.

Siku ya onyesho vilibaki vipande sita. Daftari langu la mwaka ule ninalo bado, limeloa pembeni, lina nota za solfa za vile sita na majina ya waliopiga na walioimba. Kwenye ukurasa wa tendo la mwisho hakuna nota hata moja. Nimeandika: kinu kitupu, mapigo matatu, subiri mchi ulazwe chini, taa.